Haraka Yako, Wese Lake

Wanachuo wenzangu, kuna maneno mawili kuhusu pikipiki ambayo nayasikia kila wiki hapa chuoni, na yote mawili nayapinga. La kwanza linasemwa hosteli, usiku, watu wakiwa wameizunguka simu moja yenye video ya BMW au Gold Wing inayokata kona za milima ya Ulaya: kwamba raha ya pikipiki iko kwenye ukubwa wa injini, na sisi wa Boxer na TVS tunasukuma tu maisha. La pili linasemwa asubuhi getini, mara nyingine na mtu yuleyule wa usiku: "Kaka, kanyaga, nina kipindi saa mbili!" Na kabla ya kupanda ameshaomba apunguziwe nauli kutoka 1,500 hadi 1,000.

Ninachosema ni hiki. Kwa kila pikipiki, kubwa au ndogo, upo mwendo ambao lita moja inakwenda mbali, na mwendo huohuo ndio wenye raha. Mabodaboda wetu wanaujua. Sisi abiria ndio tunawatoa kwenye mwendo huo kila siku, na gharama ya kuwatoa tunawaachia wao.

Nijieleze kidogo ili msiseme naongea vya kusikia. Mimi ni binti wa Manundu, Korogwe, nasoma ualimu, masomo yangu ni Fizikia na Hisabati. Kaka yangu ni bodaboda. Anakaa kijiwe cha Korogwe mjini, lakini akipata abiria au mzigo wa Handeni anakwenda. Mimi mwenyewe naendesha, leseni ninayo, na nilipokwenda field kwenye shule moja ya sekondari wilayani Handeni nilitumia pikipiki yake wikiendi kurudi nyumbani. Wazee kijiweni walizoea kuniita "mwalimu" hata kabla sijashika chaki. Siku za mwanzo walinishangaa, binti anaendesha na kaka kakaa nyuma, baadaye wakaacha kushangaa.

Tuanze na hizo kubwa, maana nazo ni za kweli na hupita kwetu. Ukikaa njia panda ya Segera, pale barabara ya kutoka Chalinze inapogawanyika, moja ikienda Tanga na nyingine Korogwe, Mombo hadi Moshi, huwezi kumaliza msimu bila kuwaona wasafiri wa pikipiki kubwa. Wana masanduku ya bati ubavuni, makoti mazito, tope la nchi tatu kwenye matairi. Wanashuka, wananyoosha miguu, wanaagiza chai. Sina wivu nao na sitawacheka. Pikipiki zile ni kazi nzuri ya mainjinia.

Angalia BMW R 1250 GS. Injini yake ni cc 1,254, nguvu ya farasi 136, uzito wake kilo 249 bila masanduku, na tangi lake linabeba lita 20. Kiwanda kinasema inatumia lita 4.75 kwa kilomita 100, yaani lita moja inakwenda kilomita 21. Honda Gold Wing ndiyo kubwa zaidi: cc 1,833, silinda sita kama gari, uzito zaidi ya kilo 360. Yenyewe lita moja inakwenda kilomita 18 hivi. Sasa weka pembeni yake Boxer ya 150 ambayo kila mmoja wetu ameipanda. Injini yake hasa ni cc 144.8, nguvu ya farasi kama 12, uzito kilo 120 na kitu. Jambo la kuchekesha ni kwamba injini ya ile BMW nayo aina yake huitwa "boxer", kwa sababu silinda zake mbili zimelala zikitazamana nje, kulia na kushoto. Kwa hiyo majina yamegongana, mifuko ndiyo imeachana.

Boxer ya kaka yangu, kwa mizunguko ya mjini Korogwe na abiria mmoja, ikiendeshwa kwa utulivu inakwenda kama kilomita 45 kwa lita. Hapa naomba mtu wa Hisabati anisaidie. Injini ya BMW ni kubwa kuliko ya Boxer zaidi ya mara nane. Je, inakunywa mara nane? Hapana. Inakunywa mara mbili na kidogo. Kama ukubwa wa injini ndio unaokula mafuta, hesabu hii isingekubali.

Jibu liko kwenye Fizikia ya sekondari. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo usiobadilika, mafuta yanalipia vitu vichache tu: kusukuma hewa iliyo mbele, kuzungusha matairi kwenye lami, kupanda mlima kama upo, na msuguano wa ndani ya injini na cheni. Ukipiga breki unautupa ule mwendo uliokwisha kuulipia, halafu unaanza kuununua upya. Injini kubwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gia ya sita, inapumua taratibu kama mtu anayetembea sokoni. Inakunywa zaidi kwa sababu ya uzito wake, upana wa matairi yake na msuguano wa vyuma vingi zaidi, lakini haijalazimishwa. Boxer kwenye kilomita 80 kwa saa ikiwa na watu wawili imelazimishwa. Imebakiwa na kidogo sana kabla ya kufika mwisho wake.

Likizo iliyopita mimi na kaka tuliamua kupima. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, ni lami, haina magari mengi kama barabara kuu, kwa hiyo inafaa kwa jaribio. Kwenda ni kupanda zaidi, kurudi ni kushuka, ndiyo maana tulipima mzunguko mzima wa kilomita 130. Tulijaza tangi hadi alama moja, kituo kilekile, pampu ileile, pikipiki ikiwa imesimama wima. Tulikagua upepo wa matairi na tukapaka cheni oili siku zote mbili. Siku ya kwanza tukaenda kwa kilomita 60 kwa saa, kwenye makazi tukishuka hadi 50 kama sheria inavyotaka. Siku ya pili, watu walewale wawili, tukaenda kwa 80 kila palipokuwa peupe.

Siku ya kwanza tulijazia lita 2.6. Siku ya pili lita 3.4. Ukiweka lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, tofauti ni shilingi 2,400 kwa kwenda na kurudi. Na muda tuliookoa? Robo saa kwa kila upande. Tulifika Handeni robo saa mapema, tukaagiza chai, na ile robo saa ikaishia kusubiri chapati.

Sisemi vipimo vyetu ni vya maabara. Ni pikipiki moja na siku mbili. Ila mwelekeo wake haunishangazi, kwa sababu upinzani wa hewa hauongezeki sawa na mwendo. Unaongezeka kwa kipeo cha pili. Gawa 80 kwa 60, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 1.78. Yaani kwa kuongeza theluthi moja tu ya mwendo, hewa inakusukuma karibu mara mbili. Mafuta hayakupanda mara 1.78 kwa sababu siyo hewa peke yake inayoyala, lakini umeona yamepanda kwa karibu theluthi moja.

Namba hiyo ya 1.78 inatokea tena mahali pengine. Nishati mwendo nayo hufuata kipeo cha pili cha mwendo. Kwa hiyo pikipiki iliyo kwenye 80 inahitaji umbali wa karibu mara 1.78 kusimama baada ya breki kushika, kuliko iliyo kwenye 60. Na ikigonga, inagonga na nishati hiyohiyo ya mara 1.78. Mbuzi akikatiza barabara pale Sindeni hataulizwa kama una kipindi saa mbili. Darasani kwetu tuna mwenzetu aliyefanya UE mguu ukiwa kwenye POP. Alikuwa abiria tu. Ilikuwa haraka ya kawaida, ya asubuhi.

Sasa nizungumzie raha, maana najua kuna watu wameshaanza kusema huyu dada anataka tutembee kama mikokoteni.

Raha ya kuendesha pikipiki ni kitu halisi na sioni aibu kuisema. Barabara ya Handeni asubuhi, ukitoka Korogwe, umeiacha milima ya Usambara nyuma yako, na kwenye kioo cha pembeni unaiona inashuka taratibu. Kuna mashamba ya mahindi, kuna vichaka, kuna watoto wa shule na madumu ya maji. Kwenye 60 unasikia injini inanguruma sauti moja. Unasikia harufu ya mvua kabla hujaiona. Unamwona mtu anayekupungia, na unapata nafasi ya kumjibu. Unalala kwenye kona badala ya kupigana nayo. Mikono haiumi, na ukifika una nguvu ya kufundisha.

Kwenye 80 ya Boxer, hayo yote yanaondoka. Usukani unatetemeka hadi vidole vinakufa ganzi. Upepo unakutoa machozi. Abiria wa nyuma anakushika kiuno kama anazama. Hakuna unachokiona isipokuwa kipande cha lami kilicho mbele ya tairi. Ukishuka umechoka kama uliyelima. Hiyo ni raha ya nani?

Yule msafiri wa Segera anayepita na pikipiki ya cc 1,254, akiwa kwenye 80, anaona kila ninachokiona mimi kwenye 60. Ndicho hasa alichonunua: utulivu kwenye mwendo mkubwa kidogo, kioo cha mbele cha kuzuia upepo, kiti kipana. Mmoja wao, mzee wa Kijerumani aliyekuwa na mkewe, nilimuuliza pale Segera wakinywa chai kwa nini haendi 140 wakati pikipiki yake inaweza. Alinijibu kwamba amekuja kuangalia Afrika, siyo kuikimbia, na pia kwamba akienda hivyo tangi linaisha haraka. Sababu zote mbili alizitoa kwa pamoja, kama kitu kimoja. Mtu mwenye pesa ya kununua pikipiki ile anahesabu lita, na anachagua mwendo wa raha. Sisi tunaotazama video yake tunafikiri anachofurahia ni kishindo.

Halafu tusisahau kwamba hata hizo safari kubwa hazikuanza na injini kubwa. Mwaka 1973 Ted Simon alitoka Uingereza na Triumph ya cc 500, akapita Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, akaizunguka dunia kwa miaka minne. Wakati huu wetu pikipiki ya cc 500 ingeitwa ya kujifunzia huko kwao.

Kwa hiyo kila chombo kina mwendo wake wa utulivu. Wa BMW uko juu, wa Boxer uko kwenye 50 hadi 60. Anayeendesha Boxer kwenye mwendo wake ana raha kamili, hajakosa kitu. Anayeitoa kwenye mwendo huo ananunua usumbufu kwa mafuta ya ziada. Swali ni nani anayeitoa.

Nimekaa kijiweni na kaka yangu na wenzake, wagosi wa Korogwe, nikawauliza. Wengi wao pikipiki si zao. Wapo wanaopeleka hesabu kwa bosi kila jioni, shilingi 7,000, 8,000, wengine 10,000, mvua inyeshe isinyeshe. Wapo wa mkataba, ambao wakimaliza malipo waliyokubaliana pikipiki inakuwa yao. Lakini wote wana kitu kimoja: mafuta wananunua wenyewe. Bosi hajui lita. Abiria hajui lita. EWURA ikitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, wa kwanza kuuliza "imepanda au imeshuka?" ni bodaboda. Mwaka 2022 petroli ilipofika shilingi 3,410 kwa lita pale Dar es Salaam mwezi Agosti, pamoja na serikali kuweka ruzuku, nauli za vijiweni zilipanda kwa mabishano makubwa, na hesabu ya bosi haikushuka hata mia.

Twende na siku moja ya kawaida. Chukua kilomita 160 kwa siku. Kwa mwendo wa utulivu, kilomita 45 kwa lita, anatumia lita 3.6 hivi, kama shilingi 10,700. Kwa mwendo wa "kanyaga, kanyaga", resi na breki, resi na breki, anashuka hadi kilomita 36 kwa lita. Sasa anatumia lita 4.4, kama shilingi 13,300. Tofauti ni shilingi 2,600 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni karibu shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa kijana mwenye familia Manundu au Majengo, hiyo ni kodi ya chumba na hela inabaki.

Nani kazitumia hizo 70,000? Yeye hajala, bosi hajala. Tumezichoma sisi tuliosema "kanyaga", mia mia, kila asubuhi, bila kujua. Unapomwomba akupunguzie 500 kisha unamwambia akimbize, umemkata mara mbili. Mara ya kwanza mnakubaliana. Mara ya pili hajui hata kama umemkata, ataona tu jioni kwamba siku haikujaa.

Na ndani ya kila lita kuna kodi. Mwaka 2017 ile ada ya leseni ya mwaka ya vyombo vya moto ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya miradi mikubwa ya taifa. Sina ugomvi na hilo hapa. Ninachosema ni kwamba anayechoma lita zaidi analipa kodi zaidi, na kwa haraka yako wewe analipa yeye.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu: muda ni pesa. Bodaboda anayekimbia anapata tripu nyingi. Niliamini hivyo pia hadi nilipokaa kijiweni na daftari, Jumamosi nzima. Tripu za mjini Korogwe nyingi ni kilomita mbili, tatu. Ukikimbia unaokoa dakika moja, labda mbili. Baada ya hapo unarudi kijiweni kukaa foleni. Siku ile kaka yangu alikaa akisubiri abiria saa tano na dakika kadhaa kwa jumla. Upungufu wake ulikuwa abiria, haukuwa mwendo. Zile dakika mbili alizookoa kwa kukimbia aliziongeza tu kwenye kusubiri.

Kuna dharura, ndiyo. Mama mwenye uchungu, mtoto aliyeumwa na nyoka huko vijijini ambako gari halipo. Hapo hakuna anayehesabu lita. Lakini kipindi cha saa mbili siyo dharura. Ratiba ya vipindi ilibandikwa mwanzo wa muhula.

Kuna hoja nyingine inayoniuma zaidi: kwamba mabodaboda wenyewe hawajali, ni watu wa fujo. Hapana. Wanajali mafuta kuliko sisi tunavyojali bumu. Tazama wanavyoshuka na abiria kutoka milima ya Bungu au Vugiri: wengi wanaachia frii, wengine wanazima injini kabisa, pikipiki inateremka kimya kama baiskeli. Wanafanya hivyo kutafuta vijiko viwili vya petroli. Ni hatari kweli. Ukiwa kwenye frii injini haikusaidii kushika, breki zinabeba uzito wote na zinapata moto, na ukihitaji nguvu ya kukwepa kitu huna gia. Afadhali kushuka na gia, umefunga mafuta, injini ikikushika. Lakini nielewe: kijana anayehatarisha shingo mlimani kwa vijiko viwili ndiye tunayemwambia akachome kikombe kizima mjini. Angebaki na kile kikombe, asingekuwa na sababu ya kutafuta vijiko.

Hili linatuhusu walimu watarajiwa kwa namna nyingine pia. Wengi wetu tukipata ajira tutapangiwa vijijini, iwe Handeni, iwe Kilindi, iwe mbali zaidi. Shule iko kilomita kumi na mbili kutoka kwenye nyumba ya kupanga. Chombo chetu cha kwanza kitakuwa pikipiki, na nasikia tayari mipango hosteli: mkopo wa kwanza wa benki, pikipiki kubwa, cc 250 au zaidi, ili watu wajue mwalimu kafika. Kabla ya kusaini, kaa na karatasi. Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mfuko wa pensheni upo, bima ya afya ipo. Sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki, na walimu wengi tunaowajua wanaishi kwenye hiyo theluthi. Petroli utainunua kutoka hapo, na kule ndani mara nyingi utainunua kwenye chupa ya maji, kwa bei ya mwenye chupa.

Nunua ndogo yenye afya. Kagua upepo kila wiki, paka cheni oili, safisha ea klina ukirudi kwenye vumbi, usiendeshe umeshika klachi nusu. Nenda na mwendo wake. Utafika shuleni ukiwa mtu, na tarehe 20 ya mwezi bado utakuwa na mafuta ya kwendea kazini. Na dada zangu, msiogope. Pikipiki ya cc 125 haihitaji mabavu, inahitaji utulivu, na utulivu tunao.

Napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana muhula huu. La kwanza, serikali ya wanafunzi ikae na viongozi wa kijiwe cha getini, wakubaliane nauli za kudumu kwa kila kituo na zibandikwe ukutani. Mabishano ya asubuhi yakiisha, nusu ya haraka inaisha, kwa sababu dakika kumi tunazipoteza pale tukibishania 500, kisha tunataka dereva azirudishe barabarani.

La pili, kwenye makubaliano hayo mwendo nao uandikwe: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, abiria mmoja, kofia ngumu kichwani kwake na kwako. Ni sheria tayari, tunachoongeza ni kwamba abiria ndiye atakayeisimamia. Dereva akiambiwa na abiria wake aende taratibu, hakuna bosi wala foleni ya kumlazimisha vinginevyo.

La tatu ni letu sisi, halihitaji kikao. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku, lita tatu za petroli na chenji kidogo. Tunajua uchungu wa kuinyoosha ifike jioni. Basi tusiichome ya mwenzetu. Toka chumbani dakika ishirini mapema. Lipa nauli mliyokubaliana. Ukipanda, kabla hajaingiza gia, mwambie: "Kaka, taratibu tu, muda ninao." Mimi huwa nawaambia hivyo, na wengi hugeuka kunitazama kwanza, kama hawajasikia vizuri. Halafu wanapunguza, wanaanza kupiga stori, na mara nyingi wananionyesha kitu njiani ambacho nisingekiona.